Uso Mkavu na Farasi wa Mabaka: William S. Hart katika Enzi ya Sinema Bubu

Kiangazi cha mwaka 1914, mwanamume mrefu mwenye uso mwembamba na macho makali alisimama mbele ya kamera katika korongo moja karibu na Santa Monica, California, akiwa amevaa suruali ya ngozi na kujifunga bastola kiunoni. Alikuwa na umri wa miaka 49. Alikuwa amekaa jukwaani robo karne, ametembea Marekani nzima kwa treni na vikundi vya maigizo, na umaarufu aliokuwa nao usingetosha kumlisha uzeeni. Miaka miwili baadaye watu waliopanga foleni kwenye sinema za Chicago, London na Paris walimjua kama jirani yao. Miaka kumi na moja baada ya kiangazi kile kazi yake ikawa imekwisha.

Mtu huyo ni William Surrey Hart. Kuna makauboi wa sinema waliomtangulia, na wapo waliompita kwa mapato. Lakini ninavyoona mimi, ni Hart aliyelifanya pori la Magharibi ya Marekani likaaminika kwenye kitambaa cheupe. Alishikilia ukweli jinsi alivyouona yeye. Ung'ang'anizi huo ndio uliompandisha, na ndio uliomwacha peke yake watazamaji walipotaka kitu kingine.

Utoto wa kufuata maji, 1864 hadi 1888

Hart alizaliwa tarehe 6 Desemba 1864 huko Newburgh, mji ulio kando ya mto Hudson katika jimbo la New York, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni. Baba yake, Nicholas, alikuwa Mwingereza, fundi wa vinu vya kusaga nafaka. Mama yake, Rosanna, alitoka Ireland. Ufundi wa baba ulikuwa wa kufuata maji: palipopatikana mto wenye nguvu ya kuzungusha jiwe la kinu, familia ilifunga virago. Ndivyo mtoto yule alivyosogezwa magharibi hatua kwa hatua, hadi mipakani mwa ardhi ya Dakota, ambako majirani walikuwa watu wa kabila la Sioux. Alicheza na watoto wao, akaokota maneno ya lugha yao, akajifunza pia ishara za mikono ambazo makabila ya nyika zile yalizitumia kuzungumza pale lugha zilipotofautiana.

Katika kitabu cha maisha yake alichokichapisha mwaka 1929, Hart anasimulia kwamba alipokuwa mvulana, akitembea na baba yake katika mji wa Sioux City, walijikuta katikati ya risasi za sherifu na majambazi wawili. Wanahistoria wamekuwa na shaka na baadhi ya masimulizi ya kitabu hicho. Lakini hata ukipunguza chumvi, linabaki jambo moja zito: mtoto huyu aliiona Magharibi kwa macho yake kabla reli na seng'enge hazijaimaliza, kisha akaondolewa huko angali kijana, familia iliporudi mashariki. Magharibi aliyoipenda maisha yake yote ilikuwa ile ya kumbukumbu ya utotoni, na kumbukumbu ya namna hiyo haikubali kurekebishwa na mtu.

Miaka ya jukwaani, 1888 hadi 1913

Huko New York alifanya vibarua, akashiriki mashindano ya mbio, na alipopita miaka ishirini na mitatu hivi akaingia jukwaani. Kikundi kimoja kikivunjika, alijiunga na kingine. Aliigiza tamthilia za Shakespeare, akasafiri na kundi la Helena Modjeska, mwigizaji mkubwa wa Kipolandi aliyehamia Marekani. Hii ilikuwa shule yake: sauti itokayo tumboni, mkono usionyanyuka bila sababu, uso unaojua kutulia.

Mwaka 1899 alipata nafasi ya Messala, adui mwenyewe, katika onyesho la kwanza la *Ben-Hur* huko Broadway, ambapo mashindano ya magari ya kukokotwa yalifanywa jukwaani kwa farasi halisi waliokimbia juu ya mitambo inayozunguka chini ya kwato zao. Mwaka 1905 akapewa sehemu ya Cash Hawkins, kauboi mbaya katika tamthilia ya *The Squaw Man*, na hapo kitu kikabadilika. Kwa mara ya kwanza mavazi aliyoyavaa yalikuwa yale aliyoyaona utotoni. Aliwasumbua wenzake kuhusu kofia, kuhusu namna ya kufunga kitambaa shingoni, kuhusu jinsi mchunga ng'ombe anavyotembea baada ya kutwa nzima juu ya tandiko. Miaka miwili baadaye akachukua nafasi kuu katika *The Virginian*, akaizungusha nchi nzima.

Akiwa safarini na maigizo, alipita mji wa Cleveland, akaingia sinema kupoteza muda. Filamu iliyoonyeshwa siku hiyo ilikuwa ya makauboi, nayo ilimuudhi vibaya. Sherifu alikuwa amevaa kama mkata magogo wa misitu ya kaskazini. Hart alimtafuta msimamizi wa sinema ile, naye akamjibu kwamba filamu za namna hiyo ndizo zinazojaza viti. Kwa maneno yake mwenyewe baadaye, hapo ndipo aliposadiki kwamba kazi aliyoumbiwa ameiona. Ikiwa watu wanaupenda uongo kiasi hiki, aliwaza, watafanya nini wakionyeshwa ukweli?

Walichokikuta watazamaji kabla yake

Ni haki kumtaja mtu aliyefungua njia. Mwaka 1903 Edwin S. Porter alitengeneza *The Great Train Robbery*, filamu ya dakika kumi na kitu, na miongoni mwa waigizaji alikuwemo Max Aronson, kijana aliyejiita Gilbert M. Anderson. Mwaka 1907 Anderson na George K. Spoor wakaanzisha kampuni ya Essanay. Kwa jina la Broncho Billy, Anderson alitoa mamia ya filamu fupi, nyingi akizipigia Niles, California, filamu moja baada ya nyingine kama mikate inavyotoka tanuri. Yeye ndiye kauboi wa kwanza ambaye watu walikwenda sinema kwa ajili ya jina lake, na yeye ndiye aliyeleta wazo la jambazi anayetubu.

Lakini filamu zile ziliishi kwa haraka ya biashara. Kamera ilisimama mahali pamoja, mavazi yalitoka kwenye ghala la kukodisha, na hadithi iliisha kabla hujamjua mtu. Kufikia 1913 wenye kampuni walianza kuamini kwamba filamu za makauboi zimekwisha nguvu.

Korongo la Inceville, 1914 na 1915

Thomas H. Ince aliwahi kuwa mwigizaji mwenye njaa huko New York, na Hart alikuwa rafiki yake wa siku hizo. Mwaka 1911 alipelekwa California na New York Motion Picture Company, akakodi ardhi kubwa mdomoni mwa korongo la Santa Ynez, pale milima inapoishia baharini. Kisha akafanya jambo ambalo ndilo lililowezesha yote yaliyofuata: akaajiri maonyesho ya Miller Brothers 101 Ranch, yaliyokuwa yakikaa karibu na hapo msimu wa baridi. Kwa mkataba mmoja akapata wachunga ng'ombe wa kweli, farasi, nyati, magari ya kukokotwa, na familia za Wasioux waliosimamisha mahema yao palepale mlimani. Watu wakapaita Inceville.

Hart alipofika Los Angeles na tamthilia aliyokuwa akiizungusha, alimtembelea Ince, na alipoyaona mahema yale na farasi wale moyo wake ulikwisha kuamua. Ince alimwonya kwamba soko la filamu za kauboi limejaa na bei imeshuka. Hart hakusikia. Walikubaliana malipo ya wiki ambayo mwigizaji wa hadhi yake jukwaani angeyaona madogo.

Alianza kama adui katika filamu fupi mbili ambazo hazikumridhisha. Kisha wakatengeneza *The Bargain*, filamu ndefu iliyopigwa kwa sehemu kwenye Grand Canyon, ambamo Hart ni mwizi wa barabarani anayeoa msichana mwema na kujaribu kurudisha alichoiba. Filamu hiyo ilipouzwa na kuonyeshwa mwishoni mwa 1914, watu waliipokea kwa hamu isiyotarajiwa. Ince, aliyeelewa biashara kuliko urafiki, alikuwa amekwisha kumfunga Hart kwa mkataba kwa bei ndogo. Hart aligundua baadaye thamani ya kile alichokuwa amekiuza, na kidonda hicho hakikupona.

Mwaka 1915 Harry Aitken aliunda kampuni ya Triangle akiwaunganisha wakubwa watatu wa wakati ule: D. W. Griffith, Mack Sennett na Ince. Hart akaingia humo akiongoza mwenyewe filamu nyingi alizoziigiza. Watatu walimzunguka kila siku ya kazi: mwandishi C. Gardner Sullivan, aliyejua kuandika vibao vya maneno vilivyosikika kama mahubiri, Joseph August nyuma ya kamera, na vumbi. Ndiyo, vumbi. Hart hakutaka linyunyiziwe maji. Mji wake wa mbao ulikuwa na matope, nzi na watu wasiooga, na baa ilikuwa chumba kibaya chenye mwanga hafifu.

Mwaka wa moto, 1916

Ukitaka kumwelewa Hart kwa filamu moja, tazama *Hell's Hinges* ya 1916. Mchungaji dhaifu wa tabia anatumwa kutoka mashariki kwenda mji usio na sheria, akifuatana na dada yake, Faith. Silk Miller, mwenye baa, anamwagiza Blaze Tracy, yaani Hart, awafukuze. Tracy anamwona yule dada akishuka garini, na kila kitu ndani yake kinasimama. Hart haigizi mshtuko huo kwa mikono wala kwa kifua. Anatulia tu, na macho yanafanya kazi yote. Hii ndiyo ile shule ya Shakespeare ikizaa matunda mahali ambapo hakuna sauti.

Kisha mambo yanaharibika. Silk anamtumia mwanamke wa baa kumlewesha mchungaji, na mchungaji aliyelewa anaungana na wahuni kulichoma kanisa lake mwenyewe. Anauawa. Tracy anarudi, anaingia baa peke yake na bastola mbili, anamuua Silk na kuwasha taa za mafuta ziteketeze nyumba ile. Mji mzima unaungua. August aliupiga moto ule kutoka mbali na kutoka karibu, watu wakikimbia kama vivuli vyeusi mbele ya ndimi za miali, na Hart akitembea katikati bila kugeuka. Nimeiona sehemu hiyo mara kadhaa, na kila mara inanishangaza kwamba kitu cha kale hivyo kinatisha hivyo. Hakuna ushindi mle. Asubuhi kuna majivu, kaburi, na watu wawili wanaoondoka kuelekea milimani.

Kwetu mhusika mkuu wa filamu huitwa steringi, na tunajua tangu dakika ya kwanza kwamba hana doa. Steringi wa Hart alikuwa na doa. Alikuwa mwizi, mlevi au muuaji ambaye wema ulimjia kama ugonjwa, na watazamaji waliotoka vitani, viwandani na kwenye mashamba yaliyofilisika walimwamini kwa sababu alifanana na watu waliowajua.

Lakini mwaka huohuo wa 1916 Hart alitoa *The Aryan*, na hapa sina budi kusema wazi. Ndani yake Steve Denton, mchimba dhahabu aliyedhulumiwa na Wazungu wenzake, anakwenda jangwani kutawala genge la Wahindi Wekundu na watu wa Meksiko, naye anaapa kutomsaidia tena mtu mweupe. Kinachomgeuza ni msichana, anayeigizwa na Bessie Love, anayemkumbusha wajibu wake kwa rangi yake. Filamu inafundisha kwa maneno ya waziwazi kwamba damu nyeupe ni bora na kwamba Wameksiko ni hatari. Huko Ufaransa, ambako Hart alijulikana kama Rio Jim na wahakiki kama Louis Delluc walimsifu kama msanii mkubwa, iliitwa kwa jina lenye maana ya kuokoa mbari yake. Wamarekani wengi wa wakati ule hawakuona kasoro. Mtazamaji wa Kiafrika anayeitazama leo anaiona papo hapo, na hana sababu ya kumtetea Hart kwa kusema alikuwa mtu wa wakati wake. Ukweli aliouheshimu mtu huyu katika kofia na tandiko hakuufikisha kwa binadamu wote aliowaonyesha.

Hata hivyo hakuwa mtu wa upande mmoja. Luther Standing Bear, Mlakota aliyekuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa shule ya bweni ya Carlisle, aliigiza naye na wakawa marafiki. Standing Bear alipotoa kitabu chake kuhusu watu wake mwaka 1928, utangulizi uliandikwa na Hart.

Fritz

Haiwezekani kumsimulia Hart bila farasi wake. Fritz alikuwa mdogo wa umbo, mwenye mabaka meupe na ya rangi ya kahawia, mali ya kampuni ya Ince. Hart alikuwa na urefu wa zaidi ya futi sita, na wengi walidhani farasi yule hatamweza. Alimweza. Alijua kuanguka na kulala kimya huku Hart akifyatua risasi nyuma ya mwili wake, kazi inayohitaji farasi amwamini mtu kuliko anavyoamini masikio yake. Hart alimtaka awe wake kiasi cha kukubali kupunguziwa haki yake ya fedha ili apewe, na alipompata hakumwachia tena.

Alipogombana na Ince, ambaye mkataba uliendelea kumpa sehemu ya faida, Hart alimtoa Fritz kwenye filamu. Kwa takriban miaka miwili baada ya *The Narrow Trail* ya 1917 farasi hakuonekana, na barua za watazamaji zikamiminika kuuliza yuko wapi. Alirudi katika *Sand!* mwaka 1920. Mwaka 1922 kikatoka hata kitabu cha hadithi zinazosimuliwa na Fritz mwenyewe, kalamu ikiwa ya Hart.

Kwa filamu ya *Singer Jim McKee* ya 1924 alihitaji picha ya mtu na farasi wakiporomoka gengeni. Akatengenezesha farasi wa bandia wa umbo la Fritz, akapanda mwenyewe, na kamba zilipokatwa wakabingirika pamoja hadi chini. Alikuwa anakaribia miaka 60. Picha ilitoka ya kweli mno hata ofisi ya Will Hays, iliyosimamia maadili ya filamu, ikamwita aeleze kwa nini amemtesa mnyama.

Kilele, 1917 hadi 1920

Mwaka 1917 Triangle ilikuwa inayumba, na Hart alihamia upande wa Adolph Zukor, filamu zake zikitolewa kwa chapa ya Artcraft, chini ya kampuni yake mwenyewe. Sasa alilipwa kama mtu anayejua thamani yake. Lambert Hillyer akawa mwongozaji wake wa kawaida, August akabaki kwenye kamera. Mwaka 1918, Marekani ikiwa vitani, alizunguka nchi akiuza dhamana za vita, kazi waliyoifanya pia Charlie Chaplin, Mary Pickford na Douglas Fairbanks. Hao watatu pamoja na Griffith walipounda United Artists mwaka 1919 ili wasanii wamiliki kazi zao, Hart alikuwa pamoja nao katika mazungumzo ya mwanzo, kisha akajitoa na kubaki na Zukor.

Uamuzi huo ulionekana wa busara wakati ule. Lakini uamuzi uliomlipa vizuri ndio uleule uliomwacha chini ya wakubwa ambao baadaye wangetaka kumwongoza. Hata hivyo matunda yake ya kwanza yalikuwa mazuri: *The Toll Gate* ya 1920, hadithi ya jambazi aliyesalitiwa na mwenzake, ni miongoni mwa kazi zake bora kabisa, na mwisho wake unamwonyesha akivuka mpaka peke yake, akimwacha mwanamke anayempenda.

Suruali za nakshi, 1920 hadi 1924

Wakati Hart akitengeneza majambazi wenye huzuni, kampuni ya Fox ilikuwa na Tom Mix. Mix alikuwa mpanda farasi hodari ajabu, mcheshi, amevaa mashati ya nakshi na kofia nyeupe kubwa, na farasi wake Tony alijulikana na watoto wote wa mijini. Katika filamu zake hakuna toba, kwa kuwa hakuna dhambi. Kuna mbio, kuruka kutoka kwenye treni, na kicheko. Vita vilikuwa vimekwisha, magari yamejaa barabarani, muziki wa jazi umeingia, na kizazi cha vijana hakikutaka kuhubiriwa.

Hart alizidi kurudia hadithi yake: mwovu, mwanamke safi, macho yanayolegea, toba. Alikuwa anazeeka, na wasichana aliopewa kuigiza nao walibaki wachanga. Mwaka 1922 Buster Keaton alitoa *The Frozen North*, filamu fupi ya kuchekesha iliyomwiga Hart mpaka machozi yake, na Hart aliumia kiasi cha kukataa kuzungumza na Keaton kwa muda mrefu. Nyumbani pia hapakuwa na amani. Mwezi Desemba 1921 alimwoa mwigizaji Winifred Westover. Ndoa ilivunjika baada ya miezi michache tu, mtoto wao wa kiume akazaliwa mwaka 1922 wazazi wakiwa tayari wanaishi mbalimbali, na talaka ikakamilika 1927.

Kisha ikaja *The Covered Wagon* ya James Cruze, mwaka 1923, filamu kubwa ya msafara wa wahamiaji iliyovunja rekodi za mapato na kufufua mtindo mzima. Wengine walishangilia. Hart alihesabu makosa. Kiongozi gani wa msafara, aliuliza hadharani, angepiga kambi ndani ya korongo lisilo na njia ya kutokea? Nani angewavusha maksai mto mkubwa wakiwa na nira shingoni wazame wote? Alikuwa na haki katika kila jambo, na halikumsaidia hata moja. *Wild Bill Hickok* yake ya mwaka huohuo ilipokelewa kwa ubaridi. Wakubwa wa Paramount, kampuni ya Zukor, wakamtaka akubali hadithi na waongozaji wa kuchaguliwa nao. Alikataa, mkataba ukafa.

Mbio za kugombea ardhi, 1925

Alibaki na jambo moja la kusema. *Tumbleweeds*, iliyoongozwa na King Baggot na kutengenezwa na kampuni ya Hart mwenyewe kwa zaidi ya dola 300,000, inasimulia siku ya tarehe 16 Septemba 1893, serikali ya Marekani ilipofungua kwa walowezi ukanda wa Cherokee katika Oklahoma. Watu wapatao 100,000 walipanga mstari, na saa sita ya mchana mizinga ilipolia wakakimbia kugombea viwanja. Ardhi ile ilikuwa ya taifa la Cherokee, lililobanwa mpaka likauza, na wafugaji wa Kizungu walikuwa wameikodi kulisha ng'ombe. Filamu inalia kwa ajili ya wachunga ng'ombe tu. Lakini inalia kweli.

Sehemu ya mbio ndiyo iliyobaki katika historia. Mamia ya farasi, magari ya kukokotwa yanayopinduka, baiskeli, mikokoteni, vyote vinaanza kwa pamoja, na kamera iko chini, ardhini, ikipitwa juu na kwato. Katikati yake Hart, mwenye miaka 60, anampanda farasi kwa kasi mpaka wakati mmoja anaonekana peke yake juu ya kilima, mbingu nyuma yake, kama vile farasi haigusi ardhi. Mapema katika filamu anavua kofia akiwatazama ng'ombe wa mwisho wakiondolewa. Na mwishoni kabisa, magugu makavu yanayobingirika kwa upepo, yale yaliyoipa filamu jina, yanagota kwenye waya wa seng'enge na kusimama.

Ilitolewa mwishoni mwa 1925 kupitia United Artists, kampuni ileile aliyoikwepa mwaka 1919. Hart aliamini kwamba waliipeleka kwenye sinema ndogo na kuiacha ife. Aliwashtaki, na kesi ikaburuzwa kwa miaka mingi. Hakuigiza tena nafasi kuu.

Kilima cha Newhall, 1925 hadi 1946

Alihamia Newhall, kaskazini ya Los Angeles, kwenye ranchi ambako alijenga nyumba ya mtindo wa Kihispania juu ya kilima na kukipa jina la Kihispania lenye maana ya kilima cha upepo. Aliishi hapo na dada yake Mary Ellen, mbwa na farasi wazee. Kuta zilijaa picha za Charles M. Russell, mchoraji wa wachunga ng'ombe aliyekuwa rafiki yake. Rafiki mwingine alikuwa Wyatt Earp, askari mashuhuri wa zamani, ambaye aliwahi kutumaini kwamba Hart atayaweka maisha yake kwenye filamu. Earp alipofariki Januari 1929, Hart na Tom Mix walikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Wapinzani wawili wa sinema, bega kwa bega chini ya mzigo mmoja.

Sauti ilikuwa imeingia kwenye filamu. Mwaka 1930 King Vidor alipotengeneza *Billy the Kid*, Hart alimshauri Johnny Mack Brown namna ya kuibeba bastola, lakini hakuna aliyemwita mwenyewe asimame mbele ya kamera. Mwaka 1938 Fritz akafa. Alizikwa palepale ranchini, na jiwe likawekwa juu ya kaburi lake.

Mwaka uliofuata *Tumbleweeds* ilirudishwa kwenye sinema ikiwa na muziki, na Hart akakubali kupiga utangulizi wa dakika chache. Anatokea kwenye kilima chake, mavazi yale yale, nywele zimepungua, na anafungua kinywa. Watu waliomtazama robo karne walikuwa wanaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza: sauti nzito ya jukwaani, kila neno likitamkwa hadi mwisho, sauti aliyoifunza kwa Shakespeare na ambayo sinema haikuwahi kuitumia. Anaeleza mbio zile, kisha anaanza kusimulia upepo usoni, vumbi, ngurumo ya kwato, mwongozaji akimwambia picha imetoka vizuri. Sauti inapasuka. Anaonekana kusikia kwa mbali farasi mmoja akimwita. Hiyo ndiyo filamu yake ya mwisho, na ndiyo pekee ambamo alisikika akisema.

Mary Ellen alitangulia, mwaka 1943. Hart alifariki tarehe 23 Juni 1946, akiwa na miaka 81. Ranchi, nyumba na picha zote aliziacha kwa wilaya ya Los Angeles ziwe za watu, kwa kuwa watu, alivyoona yeye, ndio waliomjengea kwa senti zao za kiingilio. Mwanawe aliupinga wosia mahakamani, na ilibidi kusubiri hadi 1958 milango ifunguliwe kwa wageni. Hakuna kiingilio. Mgeni anayekwenda hulikuta kaburi la Fritz. La Hart halipo hapo: yeye alirudishwa mashariki, makaburi ya Green-Wood huko Brooklyn, kwa wazazi wake, upande wa pili wa nchi.